Bega na Tairi: Nani Amelipia Safari ya Mzigo Gitega na Muyinga

Tairi la foklifti ya ghalani aghalabu halina upepo. Ni mpira mtupu, mzito, uliosongwa juu ya rimu ya chuma, na juu yake hakuna springi kama za lori: mpira huo ndio springi, ndio unaomkinga dereva asiumie kiuno. Foklifti ya kunyanyua tani 2.5 yenyewe ina uzito wa karibu tani 4, na ikishainua mzigo, sehemu kubwa ya uzito wote huangukia matairi mawili ya mbele, ambayo kipimo chake cha kawaida ni 7.00-12, huku mawili madogo ya nyuma, 6.00-9, yakifanya kazi ya kukata kona. Matairi mengi ya aina hii yana mstari ubavuni. Mpira ukilika hadi hapo, tairi ni la kutolewa, maana mashine huanza kurukaruka na kuyumba, na mzigo ukiwa juu hiyo ni hatari ya kifo. Kwenye sakafu laini, safari hiyo ya kufikia mstari hukadiriwa kuwa saa 2,000 hivi za kazi. Kwenye sakafu ya mashimo na kokoto huwa fupi zaidi. Kuuliza matairi hayo yanabadilishwa kwa kiasi gani ni swali la kila siku la mhasibu wa bandarini Mombasa au Dar es Salaam. Likiulizwa Gitega au Muyinga, hapo linaingia katika historia. Hoja yangu ni kwamba katika miji hii miwili ya Burundi bei ya tairi haijawahi kuwa bei ya mpira. Ni bei ya njia. Na kila mara bei ya njia ilipomshinda mwenye mzigo, hakuacha kusafirisha: aliita bega la mtu.

Kabla ya tairi kulikuwa na frasila. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilimpa mpagazi mzigo wa takriban frasila mbili, yaani kilo 30 na ushei, mbali na mkeka wake, chungu na posho ya njiani. Kipimo hicho hakikutokana na huruma ya mabwana wa misafara. Kilitokana na wapagazi wenyewe, hasa Wanyamwezi, waliofanya kazi kwa ujira, waliokuwa na mila zao za safari, na waliojua kuuweka chini mzigo uliozidi au kutoroka usiku na kumwacha mwenye mali porini. Hili tulishike, kwa sababu tutalirudia. Burundi wakati huo ilikaa kando ya njia kuu. Mwami, yaani mfalme, Mwezi Gisabo hakuwafungulia mlango wafanyabiashara wa Ujiji, na mmoja wao, Rumaliza, ambaye jina lake hasa lilikuwa Muhammad bin Khalfan, alishindwa kuingia nchini kwa nguvu kutoka upande wa ziwa. Mlango ulivunjwa na Wajerumani, ambao mwaka 1903 walimlazimisha mwami kukubali mamlaka yao huko Kiganda, na mwaka 1912 wakahamisha makao ya utawala wao kutoka Usumbura, Bujumbura ya leo, kwenda Gitega. Mahali palichaguliwa vizuri kwa mtu anayetaka kutawala: katikati ya nchi, baridi ya wastani, watu wengi. Kwa mtu anayetaka kupeleka mzigo, palikuwa pagumu. Ziwa Tanganyika liko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari. Gitega iko karibu mita 1,500. Na katikati umesimama mgongo wa milima unaozidi mita 2,000. Kila sanduku lililotoka ziwani lilipanda mgongo huo juu ya kichwa cha mtu, kisha likashuka.

Wajerumani walilijua tatizo hili. Reli yao ya kati ilifika Kigoma mwanzoni mwa 1914, na mwaka huohuo wakaanza tawi jingine kutoka Tabora kuelekea kaskazini magharibi, kwenye pembe ya mto Kagera, ili kuzifikia Ruanda na Urundi kutoka upande wa mashariki. Vita vilipoanza kazi ikasimama, na tawi hilo halikukamilika kamwe. Ni vigumu kutaja uamuzi mwingine wa enzi hizo ulioigharimu Muyinga kiasi hicho, maana reli ile ingepita jirani na mashariki yake, na mji huo ungekuwa mlango wa nchi badala ya kuwa kona yake. Badala ya reli ikaja vita vyenyewe. Wabelgiji waliingia Urundi mwezi Juni 1916 wakisonga mbele kwa migongo ya wapagazi, wengi wao wakiwa wa kulazimishwa. Watu wa nyanda za juu walioshushwa kwenye tambarare zenye malaria na homa ya kupe walikufa kwa maradhi ambayo miili yao haikuyazoea. Hapa ndipo tofauti na misafara ya zamani inapoonekana wazi. Mpagazi wa Tabora aliweza kuugomea mzigo. Mpagazi wa mwaka 1916 hakuweza. Bega lilelile, kilo zilezile, lakini bei yake ilikuwa imeondolewa sokoni na kuwekwa mikononi mwa askari.

Baada ya vita mipaka ilichorwa, na mchoro wake bado unaonekana katika bei za leo. Bugufi, nchi ya watu wanaosema lugha ya karibu kabisa na Kirundi, ilibaki Tanganyika chini ya Waingereza. Leo ni sehemu ya wilaya ya Ngara. Mpaka ukapita mashariki mwa Muyinga, mahali ambapo sasa pana kituo cha Kobero upande wa Burundi na Kabanga upande wa Tanzania. Wabelgiji hawakuitaka njia ya Muyinga. Kwa mkataba wa mwaka 1921 Waingereza waliwakodishia maeneo ya bandari Dar es Salaam na Kigoma kwa faranga moja kwa mwaka, na kwa miongo mingi mzigo wa Burundi ukafuata mstari huo: meli hadi Dar es Salaam, treni hadi Kigoma, meli ya ziwani hadi Usumbura, kisha mlima. Njia zote mbili zimeacha alama hata katika maneno. Mrundi huliita tairi ipine, neno lililotokana na Kifaransa na lililoletwa na utawala kutoka upande wa ziwa. Mswahili wa pwani huliita tairi, kutoka Kiingereza. Ukisimama Kobero utayasikia yote mawili kwenye foleni moja ya malori.

Gurudumu la mpira liliingia nchini kwa wingi kati ya vita viwili vya dunia, na hapa natarajia kupingwa. Msomaji atasema: barabara ilimkomboa mpagazi, na huo ndio ukweli wa historia ya usafirishaji popote duniani. Sehemu ya ukweli huo naikubali bila kusita. Upagazi wa masafa marefu ulipungua, na mtu aliyeacha kubeba kilo 30 kutoka ziwani hadi Gitega alipata nafuu ambayo hakuna mwenye haki ya kuidharau. Lakini tazama barabara zenyewe zilivyotengenezwa: kwa majembe ya watu wa vilimani, kwa amri ya machifu waliokuwa wakisukumwa na utawala, na kila msimu wa mvua ulipozikata watu haohao waliitwa tena kuzitengeneza. Tairi la lori la Mbelgiji lilikuwa ghali, na kila jiwe lililobaki njiani lilipunguza umri wake. Ili tairi lidumu, barabara ilipaswa iwe laini. Ili iwe laini, mtu alipaswa ainame. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 ukaja ulazima wa kupanda kahawa. Kahawa ikahitaji kutoka kilimani hadi barabarani, na kati ya kilima na barabara hapakuwa na gari. Hivyo bega halikuachwa. Lilihamishwa tu kutoka njia kuu, ambako wageni wangeliona na kuliandika, hadi vichochoroni ambako halikuandikwa na mtu.

Mpira wenyewe, kabla haujafika Gitega ukiwa tairi, ulikuwa umeshapita njia ya damu. John Boyd Dunlop alipata hataza ya tairi la upepo mwaka 1888 huko Belfast, na Ulaya na Marekani zikaanza kuutafuta mpira kwa pupa. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, katika Dola Huru ya Kongo ya mfalme Leopold, watu walipigwa, wakakatwa mikono na kuuawa kwa sababu ya vikapu vya utomvu wa mipira ya porini. Burundi haikuwa nchi ya mpira, ikaepuka balaa hilo. Haikuliepuka soko lake. Wajapani walipoiteka Malaya mwaka 1942, mashamba makubwa ya mpira yakawa mikononi mwao, na upande wa Waingereza na washirika wao tairi likawa kitu cha kugawiwa kwa kibali. Katika Kongo ya Wabelgiji wanavijiji walirudishwa porini kutafuta mpira kwa lazima, na Tanganyika mashamba ya mpira yaliyokuwa yameachwa yakafufuliwa kwa vibarua walioandikishwa na serikali. Nchi iliyokuwa mwisho wa njia, kama Urundi, hupata kilichosalia baada ya wengine wote kuchukua. Mimi naona mwaka 1942 ndio unaothibitisha hoja hii kuliko mwingine wowote, kwa sababu barabara zilikuwepo, malori yalikuwepo, na bado kukosekana kwa kipande cha mpira kilichotengenezwa ng'ambo ya bahari kulitosha kuirudisha kazi kwa mtu.

Baada ya uhuru wa Burundi mwaka 1962 kulikuwa na matumaini ya haki kwamba Afrika Mashariki ingejitengenezea matairi yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kiwanda cha General Tyre kilianza kazi Arusha na cha Firestone kikaanza Nairobi. Tairi la Arusha lilikuwa na safari fupi kwenda Muyinga kuliko tairi lolote lililowahi kufika huko. Lakini kiwanda cha Arusha kilifungwa mwaka 2009, na cha Nairobi, kilichokuwa kimegeuka Sameer, kikaacha kutengeneza matairi mwaka 2016. Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, yaani ilifika mezani wakati sahani inaondolewa. Na hata wakati viwanda vyote viwili vilipokuwa hai, njia ilikuwa na nguvu kuliko kiwanda. Mwezi Julai 1996, baada ya Pierre Buyoya kuchukua madaraka kwa mapinduzi, viongozi wa nchi jirani waliokutana Arusha waliiwekea Burundi vikwazo vya biashara, ambavyo vilisitishwa Januari 1999. Mafuta na vipuri vikawa adimu, kahawa ikakwama, na vilivyopenya vilipenya kwa njia za panya na kwa bei ya njia za panya. Siingii hapa katika haki au makosa ya vikwazo hivyo. Nataja tu kwamba uamuzi huo ulitolewa katika mji uleule uliokuwa ukitengeneza matairi.

Sasa turudi kwenye foklifti. Gitega ina mzigo unaoifaa. Kampuni ya Brarudi ina kiwanda cha bia hapo, na kreti za chupa ni mzigo wa kupangwa juu ya palleti kuliko mzigo mwingine wowote. SODECO, shirika lililopewa kazi ya kukoboa na kufungasha kahawa, lilikuwa na mitambo Bujumbura na Gitega. Muyinga ilikuwa na stesheni zake za kuoshea kahawa chini ya shirika lililoihudumia pamoja na Kirundo, na iko kwenye barabara ya Kobero, ambamo hupita mzigo wa Dar es Salaam wenye safari ya zaidi ya kilomita 1,500 hadi Bujumbura. Kwa hiyo suala si kukosa kazi ya mashine. Suala ni kinachotokea tairi linapofika kwenye ule mstari. Tairi gumu halivuliwi kwa vyuma vya fundi pancha. Linahitaji presi ya haidroliki yenye nguvu ya makumi ya tani, ambayo hulisukuma la zamani litoke kwenye rimu na kulisonga jipya mahali pake. Pasipo presi karibu, ama rimu zipakiwe lorini zipelekwe iliko, ama mwenye mashine anunue rimu za akiba, ama asubiri. Na mashine ikisubiri, ghala halisubiri. Kwa hiyo gharama ya tairi ni nne kwa pamoja: tairi, presi, safari, na siku ambazo mashine imelala.

Juu ya hizo iko ya tano, ambayo mwenye ghala hana uwezo nayo kabisa. Tairi hununuliwa kwa dola. Mwezi Mei 2023 Benki Kuu ya Burundi iliishusha thamani ya faranga, na dola moja ikapanda kwa bei rasmi kutoka takriban faranga 2,100 hadi zaidi ya 2,800. Mitaani ilikuwa juu ya hapo, na ikaendelea kupanda baadaye. Tuchukue mfano wa hesabu tu: seti ya matairi manne ikigharimu dola 600, kabla ya mwezi huo ilikuwa faranga 1,260,000 na baada yake ikawa 1,680,000. Faranga 420,000 zimeongezeka na hakuna aliyezipokea kwa kazi yoyote. Mpira haukuongezwa hata gramu. Ujira wa mchukuzi wa magunia, kwa upande mwingine, hulipwa kwa faranga, na hakuna benki inayoupandisha kwa siku moja. Kila faranga inaposhuka, mashine inazidi kuwa ghali na mtu anazidi kuwa rahisi. Hiyo ndiyo maana ya kusema kwamba bei ya tairi ni bei ya njia.

Kuna pingamizi tatu ambazo nazichukulia kwa uzito. Ya kwanza ni ya mhandisi: kwa muda mrefu mashine hulipa, hata kwa bei hii. Ni kweli penye mzigo wa mwaka mzima. Kahawa ya Burundi ina msimu; ghala hujaa na kuwa tupu, na mashine inayolala miezi mingi bado ina deni la kulipwa. Ya pili ni ya mchumi: kukosa bahari si hukumu, tazama Rwanda, haina bandari nayo na maghala yake yanaendelea. Naikubali pia, na inanisaidia, kwa sababu inaonyesha kwamba bei ya njia hutengenezwa na watu: na mikataba, na mipaka inayofungwa na kufunguliwa, na fedha inayolindwa au kuachwa ianguke. Ya tatu ndiyo nzito kuliko zote, na husemwa kwa nia njema: upakiaji wa mikono ni ajira ya vijana wasio na ajira nyingine, na foklifti moja hufukuza wengi. Sina jibu rahisi. Lakini ajira haipimwi kwa idadi ya watu wanaobeba tu, hupimwa pia kwa uzito wanaobebeshwa. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na daftari la ghala limeandikwa hivyohivyo: ujira wa gunia umo, mgongo ulioharibika haumo, kwa sababu wa pili hulipwa nyumbani na mke na watoto.

Ndipo inapofaa kuirudia frasila. Mpagazi wa karne ya 19 alibeba kilo 30 na ushei. Gunia la kawaida la kahawa ya kuuzwa nje ni kilo 60. Safari ni fupi, kutoka mlangoni hadi kwenye rundo, au kutoka kwenye rundo hadi kwenye lori, lakini hurudiwa mara nyingi kwa siku, na kilo ni maradufu. Shirika la Kazi Duniani lilitoa mwaka 1967 mapendekezo kwamba pale mtu mzima mwanamume anaporuhusiwa kubeba zaidi ya kilo 55, hatua zichukuliwe kuushusha uzito huo. Gunia la kahawa limeupita mpaka huo kwa kilo 5 na limebaki hivyo. Kwa maneno mengine, karne ya tairi haikuupunguza mzigo wa mtu mmoja pale ambapo tairi halikufika. Iliuongeza, kwa sababu gunia lilikatwa kwa kipimo cha meli na cha lori, si kwa kipimo cha bega, na yule mpagazi aliyeweza kusema hapana alishatoweka njiani.

Mambo yanaweza kubadilika, na mengine yameanza. Mwishoni mwa 2018 Gitega ilitangazwa kuwa makao makuu ya kisiasa, na mji wa makao makuu huvuta maghala. Muyinga imeingizwa katika mkoa mpya wa Buhumuza pamoja na Cankuzo na Ruyigi. Tanzania na Burundi zimetia saini mkataba wa reli ya kilomita 282 kutoka Uvinza hadi Musongati, na mpango ni kuifikisha Gitega. Reli hiyo ikifika itafanya lile ambalo lilisimama mwaka 1914, na bei ya njia itashuka. Lakini si lazima kuisubiri. Sakafu ya ghala iliyosawazishwa vizuri hurefusha umri wa tairi na hutumia saruji na mikono iliyopo nchini. Troli ya palleti ya kusukumwa kwa mkono, yenye magurudumu madogo magumu, haihitaji presi wala dizeli. Presi moja iliyowekwa Gitega kwa ushirika wa wenye maghala ingefuta safari ya mlimani. Na gunia la kilo 30 kwa kazi ya ndani ya nchi, kabla kahawa haijafungashwa kwa meli, linahitaji uamuzi tu.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa wenye maghala na wahasibu wao, kuanzia Gitega hadi Kobero. Mnapoandika bei ya tairi jipya na kuona ni kubwa mno, msifunge daftari hapo. Ongezeni mstari mmoja chini yake: kilo ngapi, mara ngapi kwa siku, na juu ya bega la nani.